Siku 30, Wiki Tatu, Miaka Mitatu

Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, ya mwaka 1971, ina subira kwa watu wa aina nyingi. Aliyeuza mali kwa mkataba na asilipwe ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Anayedai shamba lililovamiwa ana miaka 12. Lakini aliyetumikia kiwanda miaka 15, akapewa barua ya kuachishwa kazi Ijumaa jioni, akaona ameonewa, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Siku hizo ni za kalenda. Jumapili zimo, sikukuu zimo, na zile siku za mwanzo ambazo mtu bado hajamwambia hata mkewe nazo zimo.

Anayeishangaa tofauti hii mara nyingi humalizia kwa kusema sheria hutungwa na waajiri. Sidhani jambo ni jepesi hivyo. Muda wa kudai hupimwa kwa kile kinachodaiwa. Shilingi milioni moja ya mwaka jana bado ni shilingi milioni moja, hata kama imepungua nguvu sokoni, na mahakama inaweza kuamuru ilipwe leo au baada ya miaka mitano. Kazi haiko hivyo. Kiti cha aliyeondoka kinakaliwa na mwingine, ambaye naye ana watoto na mkopo. Msimamizi aliyeshuhudia ugomvi anahamishiwa mkoa mwingine. Mashine inabadilishwa, idara inaunganishwa na nyingine, daftari la mahudhurio linatupwa. Kama sheria inataka kweli kumrudisha mtu kazini, lazima imwambie aje upesi.

Kwa hiyo muda mfupi ni bei, na mfanyakazi huilipa ili kazi yake iwe bado ipo pale hukumu itakapotoka. Nikizisoma sheria za nchi mbalimbali nikiwa na wazo hilo, ninachotafuta ni kama aliyelipa bei anapewa bidhaa. Kwingi hapewi.

Tanzania haikubuni siku 30 peke yake. Bunge lilipopitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi iliyounda CMA, macho yalikuwa yameelekea sana Afrika Kusini. Nchi hiyo ilikuwa imetunga sheria yake ya mahusiano ya kazi mwaka 1995 na kuanzisha tume ya usuluhishi, CCMA, ambayo nayo hutoa siku 30 kwa aliyeachishwa. Kanuni ya 10 ya kanuni zetu za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, inafuata nyayo za kule karibu hatua kwa hatua. Siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uamuzi huo. Migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ina siku 60.

Hilo la kuthibitisha uamuzi linaonekana dogo, nalo limewaokoa wengi. Mahali penye utaratibu wa rufaa ya ndani, mfanyakazi anaweza kukata rufaa kwa mkurugenzi na kusubiri jibu bila siku zake kuliwa. Mahali pasipo na utaratibu huo, mtu akawa anaandika tu barua za kuomba huruma, hapana rufaa wala jibu la kusubiri, na saa inakwenda.

Tuitazame fomu yenyewe, kwa sababu muda wa kisheria huisha kwenye karatasi. Inaitwa CMA F.1. Mlalamikaji anataja aina ya mgogoro, tarehe mgogoro ulipoanza na anachotaka kutoka kwa mwajiri. Kabla ya kuiwasilisha kwenye Tume anatakiwa ampelekee mwajiri nakala na awe na ushahidi kwamba nakala imefika. Hapo ndipo siku ya 28 na ya 29 hupotelea. Mlinzi wa getini anasema bosi amesafiri. Katibu muhtasi anasema hana ruhusa ya kugonga muhuri. Mtu wa rasilimali watu, ambaye wiki iliyopita alikuwa akimwita kaka, sasa hapokei simu. Na barua ya kuachishwa, ambayo imeandikwa tarehe 1, alikabidhiwa tarehe 9 kwa mkono bila kusaini popote, kwa hiyo akifika kaunta ya Tume anaulizwa tarehe ipi ndiyo ya kweli.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa waungwana kuliko wakorofi. Mwajiri anasema, “Subiri kidogo, suala lako liko mezani, tutakuita.” Mfanyakazi mwenye adabu anaona aibu kukimbilia kushtaki wakati wakubwa wanazungumza naye vizuri. Anasubiri. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mazungumzo hayasimamishi muda, na ukisoma hukumu hizo kwa mtazamo wa sheria za mikataba zina mantiki: wafanyabiashara wawili wenye mawakili wanajua wanachofanya. Kuihamishia kanuni hiyo hiyo kwa dereva wa lori anayezungumza na meneja wake ni kufumba macho usione nani kati yao ameshika kalenda.

Aliyechelewa hajafungiwa kabisa. Anaweza kuomba kuongezewa muda, na Tume itaangalia amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, kama madai yake yana uzito, na upande wa pili utaumia vipi. Mwongozo mkubwa kuhusu maombi ya aina hii ni ule wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction la 2010: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aoneshe bidii na si uzembe, na kama kuna kasoro kubwa ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa, ielezwe. Mahakama imekwenda mbali zaidi kwa kusema hata siku moja ya kuchelewa lazima iwe na maelezo. Kwa hiyo mtu aliyechelewa siku 20 anajikuta na kesi mbili, ya kwanza ikiwa ni kuthibitisha alikuwa wapi kila siku kati ya hizo 20, akiwa na cheti cha hospitali cha hizi, tiketi ya basi ya zile, na hati ya kifo cha mzazi ya zilizobaki. Kesi hii ya kwanza yenyewe inaweza kupanda hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikarudi, na miaka ikapita kabla mtu yeyote hajauliza kama kuachishwa kulikuwa kwa haki. Haraka iliyokusudiwa kuharakisha imezaa mashauri mapya.

Watumishi wa umma wana yao. Tangu marekebisho ya 2016 yaliyoongeza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi lazima amalize kwanza njia za ndani za utumishi huo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Wapo waliokwenda CMA kwa wakati kabisa wakaambiwa, baada ya mashauri marefu, kwamba mlango haukuwa huo.

Nenda sasa Ujerumani, ambako muda ni mfupi kuliko wetu. Sheria ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi, iliyotungwa 1951, inampa mfanyakazi wiki tatu. Na haina upole: asipofungua shauri ndani ya wiki hizo, kifungu cha 7 kinahesabu kuachishwa kwake kuwa kulikuwa halali tangu mwanzo. Hata kama mwajiri alikosea, kosa linageuka kuwa si kosa. Tangu Januari 2004 wiki hizo tatu zinahusu karibu kila sababu ya kupinga kuachishwa kwa barua, kuanzia ukosefu wa haki hadi ubaguzi.

Hata hivyo nikiambiwa nichague kati ya siku 30 za Dar es Salaam na wiki tatu za Berlin, nitachagua Berlin bila kusita. Wiki zile hazianzi mpaka mfanyakazi apokee karatasi yenye saini ya mkono. Tangu mwaka 2000 sheria ya madai ya kule haitambui kuachishwa kwa mdomo wala kwa barua pepe. Tarehe haina ubishi. Palipo na baraza la wafanyakazi, mwajiri anapaswa kulisikiliza kabla ya kumwachisha mtu yeyote, la sivyo hatua yake ni batili, kwa hiyo mara nyingi mwathirika hunusa hatari mapema na ana wa kumwambia kuhusu wiki tatu. Anaweza kwenda mahakama ya kazi bila wakili, akamweleza karani shida yake kwa mdomo, karani akaandika. Halafu, na hili ndilo kubwa, mahakama nayo imewekewa haraka: kikao cha kwanza cha maafikiano katika kesi za kuachishwa kazi kinatakiwa kiwe ndani ya wiki mbili. Mfanyakazi amekimbizwa, na aliyemkimbiza anakimbia naye.

Kwetu sheria nayo inamwekea msuluhishi siku 30, na mwamuzi siku 30 za kuandika tuzo baada ya kumaliza kusikiliza. Kwenye karatasi tuko sawa na Wajerumani. Tofauti inaonekana pale muda unapovunjwa. Mfanyakazi akichelewa, dai lake hutupwa. Tume ikichelewa, yeye ndiye anayeambiwa asubiri.

Nisiipambe Ujerumani kupita kiasi. Nadharia ya sheria yao ni kulinda ajira yenyewe, lakini kesi nyingi huishia kwenye kikao kile cha maafikiano, mwajiri akitoa fedha na mfanyakazi akikubali kuondoka. Mizani inayotajwa mara nyingi ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa utumishi. Wiki tatu zilizowekwa ili kazi iokolewe hutumika zaidi kupanga bei ya kuondoka. Angalau bei hiyo hupatikana mapema, kabla kodi ya nyumba haijalimbikizana.

Kenya ilichukua njia nyingine kabisa. Sheria yake ya Ajira ya 2007 inampa aliyefutwa kazi miaka mitatu ya kufungua kesi. Njia ya afisa wa kazi ina miezi mitatu, lakini mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi unabaki wazi hadi miaka mitatu itimie. Mtanzania akisikia hivyo husema Wakenya wamebarikiwa. Subiri kwanza.

Miaka mitatu ile ni ukuta. Kwetu ukichelewa unaomba kuongezewa. Kule, siku ikipita, mahakama zimeshikilia kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kuongeza hata saa moja, uwe uliugua au ulidanganywa. Na saa huanza siku ya kuachishwa, hata kama rufaa ya ndani bado haijajibiwa. Mwenye kupigwa kalamu huku akishtakiwa wizi hujidhuru akisubiri kesi ya jinai iishe ndipo adai haki yake, kwa sababu kesi za jinai nazo zina mwendo wake. Anaweza kuachiliwa huru mwaka wa nne akiwa na hukumu safi mkononi na mlango wa kazi umefungwa mwaka mmoja kabla.

Halafu kuna sheria ya mahakama hiyo yenyewe, ya 2011, ambayo kati ya nafuu inazoweza kutoa inataja kumrudisha mtu kazini ndani ya miaka mitatu tangu afutwe. Weka sheria hizi mbili pamoja uone kinachotokea. Anayefungua kesi mwezi wa 35 amefika kwa wakati, hakuna wa kumlaumu. Lakini hukumu haiwezi kutoka ndani ya mwezi mmoja uliobaki, kwa hiyo kazi ameshaipoteza siku ile ile anapolipia ada ya kufungua jalada. Amebaki na dai la fedha, na fedha nazo sheria ya Kenya imeziwekea dari: fidia isizidi mishahara ya miezi 12. Subira ya Kenya, kwa maneno mengine, ni subira ya deni. Imekuita polepole kwa sababu haikukusudia sana kukurudisha.

Linganisha namba hiyo 12. Afrika Kusini nayo imeifanya dari kwa kuachishwa kwa kawaida, ikiruhusu hadi 24 pale sababu inapokuwa mbaya zaidi, kama ubaguzi. Sheria ya Tanzania kama ilivyopitishwa 2004 iliifanya 12 kuwa sakafu: fidia isipungue mishahara ya miezi 12. Kwa hiyo majirani wawili, Kenya na Tanzania, walichukua namba ile ile, mmoja akaiweka juu na mwingine chini, na aliyetoa kiwango kikubwa cha fedha ndiye aliyetoa muda mdogo wa kudai. Sioni kama kuna aliyekaa akazipima hizi mbili kwa pamoja. Lakini matokeo yake yanajulikana kwa kila wakili wa waajiri: pingamizi la kwanza kuandikwa ni la muda, kwa sababu likishinda, miezi 12 yote inayeyuka kwa aya moja. Ukiniuliza kwa nini pingamizi za muda zina ukali mkubwa CMA, nitakuonesha sakafu hiyo.

Kongo ya Kinshasa inastahili sentensi chache. Kanuni ya Kazi ya 2002 inatoa miaka mitatu kwa madai yatokanayo na mkataba wa kazi na mwaka mmoja tu kwa mshahara, kinyume kabisa na mpangilio wetu ambapo mshahara una siku nyingi kuliko kuachishwa. Ubelgiji, ambako mila ya sheria hiyo ilitoka, inatoa mwaka mmoja baada ya mkataba kuisha. Mtoto amekuwa mkarimu kuliko mzazi, jambo ambalo kwenye historia ya nchi hizo mbili si la kupita bila kulitazama.

Kabla ya sheria hizi zote palikuwa na fikra nyingine juu ya haki na wakati. Mabaraza ya wazee katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hayakuwa na siku ya mwisho. Ng'ombe wa mahari waliobaki kwa babu waliweza kudaiwa na mjukuu, na hakuna aliyesema jalada limefungwa. Ilibidi mwaka 1964 Tanzania itunge kanuni maalumu za kuweka ukomo wa muda katika mashauri ya sheria za kimila. Watu wa pwani wanasema dawa ya deni kulipa, na hawaongezi ndani ya siku ngapi.

Fikihi ya Kiislamu ilikwenda karibu na hapo, kisha ikapata njia ya kati ambayo naiona kuwa ya busara kuliko zote kwa namna ya kufikiri, hata kama si kwa matokeo. Msingi wake ni kwamba haki ya mtu haianguki kwa kupita kwa muda. Anayemdhulumu kibarua ujira wake leo atakuwa bado anadaiwa miaka 20 baadaye, na kama si mbele ya kadhi basi mbele ya Mungu. Lakini mtawala anaweza kuwakataza makadhi wake wasisikilize madai yaliyozeeka, ili ushahidi wa uongo usipate nafasi. Waosmani waliliandika hilo katika Mejelle, mkusanyo wa sheria uliotoka kati ya 1869 na 1876: madai mengi hayasikilizwi baada ya miaka 15, na hapo hapo mkusanyo huo ukaeleza kwamba haki yenyewe haifi kwa muda. Mdaiwa akikiri mbele ya hakimu, anaamriwa alipe hata kama miaka imepita.

Ipime hiyo na kifungu cha 7 cha Ujerumani. Kimoja kinafunga mlango na kuiacha dhuluma ibaki na jina lake. Kingine kinaingia ndani na kuitangaza dhuluma kuwa halali. Kwa mfuko wa mfanyakazi hakuna tofauti, nakubali. Kwa mwajiri mwenye dhamiri ipo. Na kwa mtunga sheria ipo pia, kwa sababu anayekiri kwamba haki bado hai nyuma ya mlango ataona haya kuufunga baada ya siku 30.

Mabaki ya fikra ile yanaonekana Ghuba hadi leo. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya 2021 haisemi haki ya mfanyakazi imekufa. Inasema dai lake halisikilizwi baada ya muda fulani. Muda huo ulikuwa mwaka mmoja tangu haki ilipostahili. Marekebisho ya 2024 yakaufanya miaka miwili tangu ajira ilipokoma. Kwa maelfu ya Wakenya, Waganda na Watanzania walioko Dubai na Abu Dhabi hii ni habari njema ya kweli, kwa sababu zamani aliyevumilia miaka mitatu bila malipo ya saa za ziada alikuta miaka miwili ya mwanzo imeshapita.

Lakini mgeni wa Ghuba hahesabu kwa sheria ya kazi. Anahesabu kwa kibali cha ukaazi, ambacho kimefungwa kwenye kazi ile ile aliyofukuzwa. Kazi ikikoma, ana muda wa neema wa kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka, na baada ya hapo kila siku ina faini. Miaka miwili ya kudai inamsaidia nini mtu aliyeko tayari Mombasa au Kampala, simu yake ya Dubai imezimwa na aliyekuwa shahidi wake anaogopa kupoteza kibali chake? Na dada zetu wanaofanya kazi za ndani wamewekwa nje ya sheria hiyo kabisa. Wana yao ya 2022. Muda ulioandikwa na muda alionao mtu ni vitu viwili, na Ghuba ndiko vilikoachana zaidi.

Kuna swali ambalo wanaojadili urefu wa muda hulisahau, nalo ni saa inaanza lini. Marekani, ambako mwajiri kwa kawaida anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu, madai makubwa hupitia sheria ya haki za kiraia ya 1964 inayokataza ubaguzi, na muda ni siku 180, au 300 katika majimbo yenye wakala wake. Columbus Ricks, Mliberia, alifundisha chuo cha Delaware State College tangu 1970. Machi 1974 baraza la chuo lilikataa kumpa ajira ya kudumu. Kwa desturi ya vyuo vya kule akapewa mkataba wa mwisho wa mwaka mmoja, ulioisha tarehe 30 Juni 1975. Alilalamika kwamba amebaguliwa kwa sababu ya taifa lake. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema amechelewa. Saa ilianza alipoarifiwa uamuzi, si alipofunga mlango wa darasa kwa mara ya mwisho.

Fikiria maana yake. Sheria ilimtaka amshtaki mwajiri wake huku bado akila mshahara wake, akikutana na wakuu wake kwenye korido, na huku malalamiko yake ya ndani bado hayajajibiwa. Majaji walio wengi walisema malalamiko ya ndani ni dawa ya uamuzi uliokwisha kutolewa, na kwamba kuusubiri mwisho wake ni hiari ya mtu. Kanuni ya 10 ya Tanzania, pamoja na ufupi wake wote, isingemfanyia hivyo: angekuwa na haki ya kusubiri uamuzi uthibitishwe. Siku 30 zinazoanza mahali sahihi zinaweza kumfaa mtu kuliko siku 180 zinazoanza mahali pabaya.

Uingereza ililijua tatizo la mazungumzo ikalitibu. Ilipoanzisha haki ya kupinga kuachishwa isivyo haki kwa sheria ya 1971, ilitoa wiki nne tu, na majaji hawakuwa na huruma: katika shauri la Dedman, Lord Denning na wenzake walisema aliyechelewa kwa kosa la wakili wake amechelewa, akamdai wakili. Baadaye muda ukawa miezi mitatu kasoro siku moja. Tangu 2014 kila mlalamikaji lazima apite kwanza kwa shirika la usuluhishi, ACAS, na tangu anapoandikisha jina lake pale, saa husimama hadi apewe cheti cha kumaliza. Kuzungumza na mwajiri hakumgharimu siku. Hicho ndicho ningeomba Tanzania ikinakili kesho asubuhi, maana hakihitaji hata kugusa namba 30. Pamoja nacho ningeomba mstari mmoja ndani ya kila barua ya kuachishwa, unaosema mfanyakazi anaweza kwenda CMA na ndani ya siku ngapi. Wajerumani wanafanya hivyo kwa barua za serikali: ofisi ya umma ikitoa uamuzi bila kumweleza raia njia na muda wa kuupinga, muda wake unakuwa mwaka mzima badala ya mwezi mmoja. Cha ajabu hawakumtwisha mwajiri binafsi wajibu wa kuyaandika hayo ndani ya barua ya kuachisha kazi.

Ufaransa nayo imekuwa ikipunguza. Hadi 2008 mfanyakazi alikuwa na miaka 30, ndiyo, 30, ya kupinga kuachishwa. Ikawa mitano, mwaka 2013 ikawa miwili, na kwa amri ya Septemba 2017 ya serikali ya Rais Macron ikawa miezi 12, sambamba na jedwali linalomwambia hakimu fidia isivuke wapi. Ndani ya muongo mmoja miaka 30 imekuwa mmoja. Na hakuna aliyewaahidi wafanyakazi kwamba kwa kufika mapema watarudishwa kazini. Kule kurudishwa kunahitaji mwajiri naye akubali, isipokuwa pale kuachishwa kulipokuwa batili kabisa, kama kwa ubaguzi.

Uingereza inakwenda upande wa pili. Sheria ya haki za ajira iliyopitishwa mwishoni mwa 2025 inarefusha miezi mitatu kuwa sita. Mabaraza yao ya ajira yamelemewa na mashauri, na kurudishwa kazini ni tukio la nadra kiasi kwamba mawakili wengi huliweka kwenye fomu ili tu kupandisha bei ya maafikiano. Wamefika, kwa kuchelewa, mahali Kenya ilipoanzia 2007: kama mwisho wa yote ni fedha, hakuna sababu ya kumkimbiza mdai. Tanzania bado inamkimbiza, na kwenye CMA F.1, pale anapotakiwa kueleza anachotaka, bado inamruhusu aandike kwamba anataka kazi yake.